Mwanzi wa Redio na Kompyuta ya Assani

Niliiua kompyuta ya Assani kwa kuihurumia. Sikuiangusha, sikuimwagia chai, wala sikuikalia, ingawa kwa umbo langu hata hilo lingeaminika. Niliona feni ndogo iliyounganishwa nayo inazunguka kwa uvivu, nikaisaidia kama tulivyokuwa tunasaidia redio zote za Kasongo, mji wetu. Redio ikianza kunong'ona, hutupi betri zake. Unaongeza betri nyingine nyuma ya zile za zamani, na kwa kuwa haziwezi kuenea ndani, unazipanga kwenye kipande cha mwanzi, mkia kwa kichwa, unakaza kwa mpira wa tairi na kutoa waya mbili. Redio ya dada yangu Feza ilikuwa na mwanzi mrefu kuliko redio yenyewe. Basi siku ile niliuchomoa mwanzi kwenye redio, nikaupeleka kwenye kadi ya bluu ya Assani inayoiamuru feni hiyo, iliyokuwa imeunganishwa na kompyuta yake kwa waya, nikagusisha nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Feni iliruka kama mbuzi aliyemwagiwa maji ya baridi. Nilipata nafasi ya kujisifu, fupi kama ya kupiga chafya. Kisha ikaja harufu ya kitu ambacho hakikuumbwa kuungua, kioo cha kompyuta kikawa cheusi, na ndani ya weusi ule nikajiona mwenyewe, kinywa wazi, mwanzi mkononi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu Mama Assani amefariki, na Assani amekuja. Amekuja amechelewa. Kwetu Waislamu maiti haingojei mtu, na barabara ya kutoka Wamaza, kwenye machimbo ya dhahabu anakoishi, wakati wa mvua haimhurumii mtu pia. Mimi ndiye niliyempigia simu. Alisema, “Niko njiani,” na nyuma yake nilisikia watu wanasukuma pikipiki kwenye matope na kutukanana. Tulimzika mama yake alasiri, na Assani akafika kesho yake, tope hadi magotini, ndevu zimeingia mvi. Nilimpa maji ya kunawa. Alininyooshea mikono nikamiminia, maana wakati wa msiba kumiminiana maji kunatosha. Nilipotazama mikono yake, mikubwa na yenye makovu ya sururu, nilikumbuka jinsi ilivyokuwa ikishika waya mwembamba kama unywele.

Mwaka wa kompyuta ile nilikuwa nimemaliza sekondari. Wenzangu walikwenda Kindu, Bukavu, wengine waliolewa. Mimi nilibaki kwa Feza kungojea matokeo ya mtihani wa taifa, na yalipotoka, nikiwa nimefaulu kwa asilimia ambayo sitaitaja mbele ya watoto, niliendelea kungojea, bila kujua nangojea nini. Nilipenda nyumba. Nilipenda chumba changu chenye kidirisha kimoja, kilichopakana na ghala la mpunga, na ukuta wa kati usiofika darini, hivi kwamba harufu ya mchele mpya ilikuja kulala nami. Jirani yetu Mama Kashindi, ambaye ua wake na wetu vilitenganishwa na mabua tu, aliniita Kufuli. “Kufuli iko?” angeuliza kila asubuhi akimenya mihogo upande wake. “Mi nashindaka hapa,” ningejibu. “Najua. Nauliza paka ili Mungu asikie.” Paka hilo kwetu ni “tu”, si yule wa kukamata panya. Nilicheka kila mara, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu mtu anayekaa nyumbani hula vizuri. Feza alipika sombe ya majani ya mihogo, iliyotwangwa hadi ikawa kama mchuzi, ikiogelea kwenye mawese, na wali wa huku kwetu ambao hauhitaji sifa. Mtu mwenye akili angetoka aende wapi?

Assani alitoka Bukavu mwaka ule. Alikuwa ameanza masomo ya ufundi na hakuyamaliza, jambo ambalo kwetu lilimfanya aitwe enjeniere mara moja. Alirudi na kompyuta ya zamani, na mfukoni, ndani ya soksi, kadi ya bluu ndogo kuliko kiganja, yenye miguu midogo ya chuma chini yake kama tandu. Aliniambia ni kiakili kidogo. Unakiandikia maagizo kwenye kompyuta, unakipelekea kwa waya, nacho kinayafuata bila kuchoka. Nilimwambia basi angekioa. Kwa kompyuta ile alipanga kibanda karibu na soko akawa anawaandikia watu barua za maombi na kadi za harusi. Kilikuwa kibanda kinachovuja, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuchechemea, lakini ilikuwa hapa, Kasongo, hatua chache kutoka sufuria ya mama yake.

Hilo ndilo alilolitaka Mama Assani kuliko kitu chochote, mwanawe awe karibu na sufuria. Mjomba mmoja alikuwa na shimo la dhahabu huko Kabambare, upande wa Wamaza, na alimtaka Assani. Nilisikia mazungumzo hayo nikiwa nimelala kitandani mchana, kazi niliyoifanya kwa bidii mwaka ule. Feza na Mama Assani walikuwa ghalani wanachambua mawe kwenye mchele.

“Kaka yangu amerudia kutuma mutu,” alisema Mama Assani. “Anasema mutoto anaoza hapa.”

“Na Assani anasema nini?”

“Anasema kama sanduku yake ya mayai itazaa vifaranga, atabakia, atafuga kuku. Kama haiko, anapanda pikipiki. Feza, watoto wa watu wanaingia mu ile mashimo na udongo unawafunga. Sina mwingine.”

Nilisikia mchele unamiminwa kwenye ungo. Kisha sauti yake ikapanda, ikaelekezwa juu ya ukuta, kwangu: “Na weye uliyelala hapo, najua unasikia. Anakusikilizaka weye. Mi nimechoka kusema. Muambie.”

“Nitamuambia, mama,” nilijibu, uso kwenye mto.

Sanduku lenyewe lilikuwa ghalani kwetu, kwa sababu kibanda chake kilivuja na ghala la Feza lilikuwa na joto. Assani alilipigilia kwa mbao za makreti, akalivika godoro la zamani kwa ndani. Chini yake kulikuwa na taa ya mafuta ndani ya debe. Kadi ya bluu ilikuwa juu ya kipande cha ubao, ikipima joto kwa kipimo kidogo kilichoning'inia kati ya mayai. Joto likishuka, iliamuru feni ivute hewa ya moto kutoka kwenye debe. Likizidi, ilipiga mlio kama panya aliyekanyagwa. Siku za kwanza aliiacha imeunganishwa na kompyuta, ili asome joto kwenye kioo na kurekebisha maagizo. Mama Kashindi alikuja kutazama, mikono nyuma. “Na kuku,” aliuliza, “yeye waya yake iko wapi?” Assani alicheka hadi akakaa chini. Alikuwa na kicheko cha kukaa chini. Jioni tulikula pamoja, yeye, Feza na mimi, sahani moja, na yeye akanieleza habari za umeme, na mimi nikasikiliza. Nasema nilisikiliza. Nilisikia sauti yake vizuri sana. Maneno yalipita pembeni yangu kama watu wanaokwenda soko la mbali. Moja tu lilinibakia, kwamba lile tundu bapa la kompyuta, tunalochomekea flashi, linatoa umeme kidogo, na kwamba feni hailipendi, lakini ivumilie mpaka msafiri alete kidude fulani kutoka Bukavu. “Usiguse kitu,” aliniambia. “Ukiona shida, niite.”

Ilikuwa Ijumaa, Assani msikitini, mvua imefunga mbingu. Niliingia ghalani nikakuta feni inazunguka kwa kukohoa. Ningeweza kumwita. Msikiti hauko mbali, lakini ilikuwa mvua, na mimi ni Kufuli. Nikafikiri kwamba lile tundu limechoka, kama betri zinavyochoka, na kitu kilichochoka husaidiwa. Niliyakumbuka yale mayai. Ukweli ni kwamba sikuyafikiria mayai sana. Nilimwona kwenye mawazo Mama Assani akiwa peke yake na ungo, na nikamwona Assani anarudi kutoka msikitini, anakuta feni inaimba, ananiuliza, “Ni nani ametengeneza?” Redio ilikuwa pale pale rafuni. Mengine nimeshayasema.

Assani aliporudi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alichomoa kila kitu, kimoja kimoja, akanusa kadi, akanusa kompyuta, akaifungua tumbo kwa bisibisi na kuifunga tena. Mwisho aliifungua feni. Kwenye mhimili wake kulikuwa na unyoya mdogo, mweupe, umejisokota. Aliutoa kwa kucha, akaupuliza, feni ikazunguka kwa kidole kimoja kama haijawahi kuugua. Umeme ulikuwa sawa tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nimetibu unyoya kwa mwanzi wa betri sita. Mayai Feza aliyaweka chini ya mitetea wawili waliokuwa wanaatamia. Vifaranga wengi hawakutoka, wachache walitoka, na Mama Kashindi akapita uani mara kadhaa kuwaangalia wale wachache bila kusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa kama hotuba.

Kibanda karibu na soko kilifungwa, maana mwandishi wa barua bila kompyuta ni mtu aliyekaa tu kwenye kiti. Kwa siku kadhaa Assani hakuja. Mama yake alikuja, lakini ghalani hakuingia. Alisimama mlangoni kwangu, akaniangalia nilivyolala, akasema taratibu, “Haijakuwa kosa yako, mutoto wangu. Lakini sasa ni weye tu unabakia.” Nilimwelewa, kwamba wa kumzuia nimebaki mimi. Nilikuwa mzembe, sikuwa mjinga kiasi hicho. Niliinuka, nikaoga, nikavaa kitenge kizuri humo humo ndani, nikakaa nikisubiri Assani aje, kwa sababu kumfuata kwao ilikuwa kutoka nje.

Alikuja asubuhi, juu ya pikipiki ya mtu, begi limefungwa nyuma. Dereva alibaki juu ya kiti, injini ikinguruma, kwa sababu ukiizima ile ilikuwa haiwaki bila kusukumwa. Mama Kashindi alikuwa ng'ambo ya mabua na mihogo yake. Assani alisimama kwenye kizingiti na hakuingia. Alikuwa na kadi ya bluu mkononi, ndani ya soksi ile ile. “Chukua,” alisema. “Imekufa, lakini ni nzuri kutazama.” Nikaipokea. Nilikuwa nimejiandaa. Neno aliloniagiza mama yake lilikuwa tayari ulimini. Nikafungua kinywa, nikauliza:

“Assani, ndani ya lile tundu la kompyuta, hakuna fusible, ile fyuzi ya kulinda? Labda imekatika paka fusible.”

Akakaa chini kabisa kwenye kizingiti na kunijibu kwa utulivu, kama mtu asiyekuwa na safari. Alisema kompyuta nyingine zina ulinzi, na zikivutwa kupita kiasi hujifunga zenyewe, zikarudi ukichomoa. Lakini ulinzi ule ni wa kuvutwa, si wa kusukumwa. Tundu linatoa volti tano, na kwa kawaida nusu ampea, si zaidi. Ni kama bibi anayegawa wali, sahani moja anakupa kwa moyo mweupe, ukija na sufuria anakasirika. Kadi yenyewe inakula kama ndege. Kipimo, ndege. Taa ndogo, ndege. Feni na mota ni walaji, na wanapoamka ndipo wanapovuta zaidi, kwa hiyo mlaji apewe betri yake mwenyewe, na kadi imwamuru kupitia kidude cha miguu mitatu, kile alichokuwa anakingojea. “Waya nyeusi zote ziunge pamoja, ili waelewane,” alisema. “Nyekundu, kila moja kwake. Weye uliunga nyekundu. Mwanzi wako ulikuwa na volti tisa, zikapita mu kadi, zikarudi nyuma kwa waya ile ile, zikaingia mu kompyuta kupitia mlango wa kutokea.”

“Na ningetaka kuilisha kwa kitu kingine?”

“Kwanza unachomoa kompyuta. Halafu unatafuta chaja ya simu, ile ya volti tano, nzima, haina kuchubuka. Unachomeka hiyo. Moja tu. Na usiweke kadi juu ya bati wala sahani, miguu yake itagusana.”

“Moja tu,” nilirudia.

“Moja tu.” Dereva alivuta mafuta mara mbili ili injini isizimike. “Mwavita,” Assani alisema, “hauna swali ingine?”

Nilifikiri. Naapa nilifikiri. Nikamwuliza kama chaja ya simu ya Feza ingefaa. Alisema ingefaa. Akainuka, akafuta vumbi la suruali, akapanda nyuma ya yule dereva, na nikamwona mpaka kwenye kona, mgongo wake na begi. Nilirudi chumbani nikaweka soksi chini ya mto. Mama yake alipokuja jioni kuniuliza, nilimwambia kwamba nilijaribu. Akaitika, akakaa kwenye kigoda, akakataa chakula. Hakuniuliza nilijaribu kwa maneno gani.

Udongo haukumfunga Assani. Hilo lazima niliseme, maana mtu anayesimulia habari za mashimo anatarajiwa kuzika mtu. Alichimba, akaumwa, akapona, akaacha sururu akawa mnunuzi mdogo, akaoa mwanamke mmoja Mbangubangu, kabila la huko Kabambare, mwenye ulimi mkali na moyo mwema, akazaa. Alikuja kwa mama yake kila kiangazi alichoweza, na viangazi alivyoweza vilipungua. Mimi niliwahi kuolewa. Mume wangu alipata kazi Kindu, nikamwambia nitamfuata mvua ikikatika, na imenyesha tangu wakati huo. Nilibaki kwa Feza, na Feza alipofariki nikabaki mwenyewe, nikanunua bamba la umeme wa jua na kuanza kuchaji simu za watu barazani. Ni kazi iliyoumbwa kwa ajili yangu, maana watu wanakuja na mimi ninakaa. Vijana wananicheka kwa masharti yangu: waya iliyochubuka siipokei, tundu moja simu moja, na yeyote anayeunganisha vitu viwili ili visaidiane namfukuza na simu yake. “Mama Volti,” wananiita nyuma yangu, nao wanafikiri sisikii.

Simu ya Mama Assani niliichaji kila siku. Ilikuwa simu ya vibonye, imefungwa kwa mpira. Aliileta mwenyewe asubuhi, na miguu ilipokataa nikawa naifuata, ndiyo safari yangu pekee ya kudumu, nyumba mbili kutoka kwangu. Niliirudisha imejaa, nikampigia namba, nikamshikia sikioni. Alizungumza na Assani habari za mvua na kikohozi. Kila mara alimaliza hivi: “Na unakula?” Kisha akanirudishia simu na kusema, “Asante, mutoto wangu, moto umeingia vizuri,” akimaanisha umeme, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa naugawa. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikijiambia kwamba ninalipia kompyuta ile. Kwa miaka yote hii hesabu yangu ilikuwa hiyo, unyoya mmoja, mwanzi mmoja, kompyuta moja, na mama mmoja anayekula peke yake.

Jana, siku ya tatu ya msiba, tulikuwa tumekaa uani kwa marehemu, sufuria zimeoshwa, watu wamepungua. Assani alikuwa kwenye mkeka. Ili kumchangamsha nikaanza kusimulia habari za mwanzi, nikiigiza feni, nikiigiza uso wangu ndani ya kioo cheusi. Alicheka. Alicheka hadi akainama, lakini kwa kuwa alikuwa ameshakaa chini hakukuwa na pa kwenda zaidi, na kicheko kikageuka katikati, akafunika uso kwa kiganja. “Aliningojea hapa,” alisema, “na mi nilikuwa nangojea kule.” Sikumwuliza alichokuwa anangojea. Nilinyoosha mkono nikachukua bakuli lake, nikasema nitalijaza uji, nikaondoka.

Mama Kashindi alinifuata. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo, lakini masikio yake hayajazeeka hata siku moja. Tulirudi pamoja taratibu, yeye akishika bega langu, na njiani nikamwambia nilichokuwa sijamwambia mtu, kwamba Mama Assani amekufa mwanawe yuko mbali kwa sababu mimi niliunga nyekundu kwa nyekundu. Alisimama. Aliegemea fimbo yake mbele ya mlango wangu, pale pale pikipiki ilipokuwa inanguruma mwaka ule, akapumua kwanza, kisha akasema:

“Weye Kufuli, achana na ile mashini. Mi nilikuwa pale ku mabua na kisu mu mukono. Mutoto wa watu alikaa chini hapa, akakuuliza kama hauna swali ingine, alikuwa anangojea umuambie abakie. Na weye ukamuuliza juu ya chaja ya Feza.”